Mapishi ya Shangazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Shangazi ni nani, na nyinyi mnaojibu ni nani?

Sisi ni wapishi wa nyumbani tunaoishi Kampala, Entebbe, Jinja na Bombo. Wengine tumezaliwa hapa, wengine tumeletwa na ndoa, kazi au biashara kutoka Mombasa, Kigoma na Bukavu. Kinachotuunganisha ni mama mmoja wa upande wa Masaka anayetuandikia mapishi ya Uganda kwa Kiswahili. Tunamwita Shangazi kwa heshima, na jina lake halisi hapendi lisambazwe, kwa hiyo tafadhali usituulize. Maswali yanayomfikia ni mengi na mengi yanajirudia, ndiyo maana tumeamua sisi tunaopika mapishi yake tuyajibu tunayoyaweza.

Mbona mnampenda hivyo? Mapishi si yapo kila mahali?

Yapo. Lakini mengi yameandikiwa mtu mwenye oveni, mizani na jiko la gesi la mafiga manne. Shangazi anamwandikia mtu mwenye sigiri moja, sufuria mbili na watoto wanaorudi kutoka shule na njaa. Anapima kwa tampeko, kikombe kile cha bati wanachopimia wauza karanga wa masoko ya Kalerwe na Owino jijini Kampala, kwa hiyo ukitoka sokoni vipimo umeshavibeba mkononi.

Halafu hakupi dakika bila kukupa dalili. Hasemi tu "pika dakika arobaini." Anasema: mafuta ya karanga yakianza kuelea pembeni mwa sufuria na harufu ya ubichi ikiisha, epua. Mkaa wako ukiwa hafifu, au sufuria yako ikiwa nyembamba, dalili haibadiliki. Hilo ndilo tunalomshukuru kuliko yote. Mtu aliyepika miaka mingi mikono yake inafanya kazi bila kuulizwa, na ukimwomba akueleze anakwambia "tia kiasi." Shangazi amejipa kazi ya kuitazama mikono yake mwenyewe na kuandika inachofanya.

Matoke yangu yanatoka meupe na magumu. Tatizo nini?

Mara nyingi tatizo ni haraka. Matoke ya kimvuke yanaiva mara mbili: mara ya kwanza yanalainika, mara ya pili yanakuwa matoke. Wengi wetu tuliohamia hapa tulikuwa tunayaepua baada ya ile mara ya kwanza.

Anza na kumenya. Paka mikono mafuta kidogo, au menyea ndani ya maji, kwa sababu utomvu wa ndizi mbichi unanata na kuacha weusi kwenye vidole usiotoka upesi kwa sabuni. Chini ya sufuria panga vipande vya uti wa jani la mgomba, ambavyo Baganda huviita mizingonyo, ili mzigo ukae juu ya maji na usiguswe nayo. Funga ndizi ndani ya majani yaliyolainishwa kidogo juu ya moto, kisha funika kwa majani mengine, uyakunje pembeni kuingia ndani ya sufuria mpaka mvuke ukose njia ya kutoka. Ukiuona mvuke unapanda mwembamba upande mmoja, ongeza jani hapo. Usifunge kwa kifuniko peke yake.

Moto wa kwanza uwe mkali. Baada ya saa moja hivi, bonyeza kwa kidole juu ya jani. Kama panabonyea pote bila donge gumu katikati, epua. Sasa weka kitambaa safi juu ya mikono, kwa sababu huo mzigo unaunguza vibaya, na uukande bila kuufungua: bonyeza, geuza, bonyeza, hadi usihisi ndizi hata moja iliyobaki nzima. Kisha rudisha juu ya makaa yaliyopunguzwa, uyafunike kwa majivu, uache saa moja au zaidi. Hapo ndipo rangi inapogeuka kutoka krimu kuwa manjano ya kiini cha yai, na hapo ndipo harufu ya jani inapoingia. Kwenye sherehe za Buganda matoke hulala motoni usiku kucha, na atakayeyaonja asubuhi hatauliza mara mbili kwa nini.

Usitie chumvi wala mafuta. Pakua yakiwa moto kabisa, kwa kuwa yakipoa hukaza.

Sokoni kuna ndizi za kila aina. Ninunue zipi?

Omba matoke ya kupika, na muuzaji akikutajia Mpologoma, Kibuzi, Nakitembe au Mbwazirume, uko mahali salama. Mzigo mwingi unaofika Kampala unatoka magharibi, upande wa Mbarara, Isingiro na Bushenyi. Gonja ni ya kuchoma au kukaanga ikiiva. Ndiizi na bogoya ni za kula mbivu. Mbidde ni ya juisi na pombe, na ukiipika kama matoke utapata uchungu ambao hakuna mchuzi utakaoufunika. Kwa macho ya mgeni mbidde na matoke zinafanana sana, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Sina majani ya mgomba. Nitumie nini?

Ukiwa Uganda majani yanauzwa karibu kila soko, yameviringishwa tayari, na bei yake si ya kukufanya uache. Ukiwa nje ya nchi, karatasi ya kuokea ndani na foili juu itakuivishia chakula. Harufu hutaipata, na Shangazi mwenyewe anakiri hivyo.

Mchuzi wa karanga unaniungulia chini, au unatoka na madonge. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo tulijibu kwa urefu.

Kwanza jua umenunua karanga gani. Kuna karanga mbichi zilizosagwa, za rangi ya waridi, ambazo ndizo za binyebwa, mchuzi wa karanga wa Buganda. Na kuna zile zilizokaangwa na kusagwa hadi kuwa laini kama uji mzito, ambazo kaskazini huchanganywa na simsim (ufuta) na kuitwa odii. Hizi mbili hazipikwi sawa. Mbichi inataka muda mrefu. Odii imeshaiva, inatiwa mwishoni na kupashwa moto tu, na ukiichemsha sana inapoteza ladha yake na mafuta yanajitenga.

Kwa binyebwa, tampeko mbili za karanga zinatosha familia ya watu sita. Zikoroge kwanza katika maji baridi hadi pasiwe na donge hata moja, kisha ndipo uweke motoni. Ukizimwaga karanga kavu kwenye maji yanayochemka, madonge umeyaalika mwenyewe. Tia kitunguu na nyanya, acha ichemke, na usifunike: povu la karanga hupanda ghafla na kuzima mkaa. Likishapanda mara ya kwanza punguza moto na ukoroge kwa mwiko unaofika chini kabisa, hasa kwenye kona za sufuria. Rangi itaanza kukolea. Harufu ya ubichi, ile inayofanana na harufu ya maharagwe mabichi, itaondoka taratibu. Mafuta yakitokeza juu kama matone madogo ya dhahabu, onja, tia chumvi, epua. Hapo karibu dakika 45 zitakuwa zimepita, lakini fuata mafuta, usifuate saa.

Ukitaka njia isiyounguza kabisa, fanya wanavyofanya wengi hapa: mimina ule mchanganyiko kwenye jani la mgomba, funga, uweke juu ya matoke uyapike pamoja kwa mvuke. Unatoka mzito, na hauna haja ya kukorogwa.

Jambo moja tunalolisema kwa msisitizo: chagua karanga kabla ya kusaga, au nunua kwa mtu unayemwona akichagua. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupe. Ukungu huo huzaa sumukuvu, sumu inayodhuru ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Karanga za bei rahisi kupita kiasi mwishoni mwa msimu wa mvua zitazame mara mbili.

Luwombo si chakula cha sherehe tu?

Luwombo ni kuku, nyama au karanga zilizofungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Ni chakula cha heshima, na inasimuliwa kwamba kilianza jikoni kwa Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1887. Lakini hakuna kinachokuzuia kukipika Jumapili ya kawaida. Kinachotisha watu ni jani. Chagua jani changa lisilochanika, lipitishe juu ya moto wa makaa hadi ling'ae na kulegea, kisha kwa kisu punguza unene wa uti wa kati, polepole, bila kutoboa. Ukitoboa, mchuzi wote utaishia chini ya sufuria. Ndani weka kuku au nyama uliyoibanika kidogo kwanza, au karanga pamoja na samaki wa kukausha au uyoga. Kusanya kingo za jani juu kama mfuko, funga kwa uzi wa mgomba, usimamishe ndani ya sufuria ya mvuke. Nyama itataka saa tatu hivi.

Kila mtu mezani apewe luwombo lake, alifungue mwenyewe. Usimfungulie mgeni jikoni, maana ule mvuke wa kwanza ni wake.

Mbona maharagwe yangu yanachelewa kuiva kuliko nilipokuwa Mombasa?

Si mkaa, na si wewe. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzijoto karibu 96 badala ya 100. Kabale, kwenye mita karibu 2,000, huchemka karibu 93. Maji yanatokota vilevile kwa macho, ila joto lake ni dogo. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, na uongeze muda. Nyanya tia baada ya maharagwe kulainika, kwa sababu uchachu wake huyafanya maganda yashupae.

Nakati, doodo, bbuga, jjobyo: zote si mchicha tu?

Hapana. Doodo na bbuga ni jamaa ya mchicha na zinapikwa upesi. Nakati ni ndugu wa nyanya chungu, ina uchungu mdogo mtamu, na inapendeza zaidi ikipikwa kwa mvuke juu ya matoke kuliko kukaangwa. Jjobyo ni mgagani: ichemshe, umwage maji ya kwanza, ndipo uiunge kwa maziwa au karanga. Uchungu utakaobaki baada ya hapo ndio unaotakiwa, usihangaike kuutoa wote.

Shangazi ni Muganda. Mapishi ya mikoa mingine anayafundisha?

Anayafundisha, na hapa ndipo tunapoona ukubwa wa moyo wake, kwa sababu kila pishi la nje ya kwao analiandika kwa kumtaja jirani aliyemfundisha. Hajifanyi kwamba amezaliwa nalo.

Kutoka Acholi na Lango anatupa malakwang, majani machachu yanayopikwa na odii. Uchachu wake unakushtua mara ya kwanza. Chemsha majani, mwaga maji, onja jani moja. Kama bado meno yanakaza, chemsha tena kwa maji mapya kabla ya kutia odii. Viazi vitamu ndiyo jozi yake. Wengi wetu tulioshika dini ya nazi tumehamia kwenye odii kwa sababu ya pishi hili moja.

Kutoka Ankole kuna eshabwe, mchuzi wa samli usiopikwa. Samli nzuri isiyo na chumvi inapigwa kwa mkono pamoja na maji yenye chumvi ya mawe iliyochujwa, mpaka inageuka nyeupe na laini. Ndiyo pishi linalohitaji subira kuliko yote aliyotuandikia. Maji yakiwa ya moto samli inayeyuka na kazi yote inaharibika, kwa hiyo yawe baridi. Kuleni na kalo, ugali wa ulezi, ambao watu wa Teso nao wanao kwa jina la atap.

Kutoka Toro na Bunyoro kuna firinda: maharagwe yaliyolowekwa na kumenywa maganda moja moja, yakapikwa hadi yapondeke, yakaungwa kwa samli. Kumenya ni kazi ya watu wengi waliokaa pamoja, usiianze ukiwa peke yako na njaa. Na kutoka Mlima Elgon kuna malewa ya Bagisu, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi. Yanunuliwe Mbale ukipita huko. Yaloweke, yachemshe hadi yalainike, kisha uyapike kwenye mchuzi wa karanga. Ladha ya moshi ndiyo chumvi ya pishi hilo, kwa hiyo viungo vingine viache kabatini.

Mukene wana mchanga. Nifanye nini?

Nunua dagaa waliokaushwa juu ya nyavu au vichanja, sio waliotandazwa chini. Ukikosa, wapukute, uwaloweke kwenye maji ya vuguvugu, na uwachote kwa mkono kutoka juu. Usimwage maji pamoja nao, maana mchanga umeshakaa chini.

Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) ya nyumbani haiwi laini kama ya Wandegeya, Kampala.

Chapati yako ni kavu. Unga ukandwe na maji ya vuguvugu na mafuta, upumzike nusu saa ukiwa umefunikwa, na chapati isikae juu ya moto muda mrefu. Mayai mawili, kabichi iliyokatwa nyembamba sana, kitunguu, nyanya na chumvi vipigwe pamoja. Mimina kwenye chuma, na kabla yai halijashika juu, laza chapati juu yake ili vishikane. Geuza, viringisha, ule papo hapo.

Nikibadilisha kitu, bado ni pishi lake?

Pika kwanza kama lilivyoandikwa, mara moja tu, ili ujue unabadilisha nini. Baada ya hapo jiko ni lako. Dada mmoja wa Mombasa anatia tui la nazi kwenye binyebwa, na Shangazi alipoulizwa alisema hata kisamvu cha Tanzania kina karanga na nazi pamoja, kwa hiyo aendelee.

Ila ukimpikia mtu akasifu, mwambie umejifunza kwa nani. Luwombo si mali ya mtu mmoja, lakini yale maelezo ya jinsi ya kupunguza uti wa jani bila kulitoboa ni jasho lake. Tumeona maelezo yake yakinakiliwa neno kwa neno na watu wanaojidai ni yao, na inatuuma. Kumtaja hakukugharimu hata shilingi moja.

Nitamshukuruje?

Uganda mtu akishiba humwambia aliyepika "weebale kufumba" (kwa Kiganda, asante kwa kupika), na haisemwi kwa haraka wakati wa kunawa mikono, husemwa ukimtazama. Shangazi hawezi kukaa mezani kwa kila mmoja wetu, kwa hiyo mpelekee habari. "Asante, tamu sana" anaifurahia, lakini kinachomsaidia ni undani: ulitumia mkaa au gesi, karanga ulinunua wapi, mtoto alikula au alikataa, sehemu gani ya maelezo ulirudia kusoma. Pishi lake la firinda lilirekebishwa hivyo. Mama mmoja wa Fort Portal alimwandikia kwamba samli inatiwa baada ya kuepua, sio wakati maharagwe yanachemka, naye akalibadilisha siku hiyo hiyo na kuandika nani amemsahihisha.

Zawadi za pesa hapokei. Ukisafiri kutoka Mbale au Gulu na ukambebea kifuko cha malewa au kopo la odii, hatakukatalia.

Mimi sijawahi kupika chakula cha hapa. Nianze na nini?

Katogo. Menya matoke kumi na mawili, yaweke sufuriani pamoja na kitunguu, nyanya na maharagwe yaliyokwisha iva, au matumbo yaliyosafishwa na kuchemshwa. Mimina maji hadi yakaribie kufunika, funika kwa jani au kifuniko, moto wa wastani. Usikoroge, tikisa sufuria tu, ili ndizi zisivunjike. Mchuzi ukizidi kuwa mzito na uma ukipenya ndizi bila kusukumwa, tia chumvi, acha dakika tano zaidi, pakua asubuhi na chai ya tangawizi. Kisha mwandikie Shangazi ilivyotoka.